Mafuta ya Nyangeta

Juzi niliona kibuyu dukani Mwisenge, kimetiwa maua ya plastiki, nikakumbuka likizo ya utotoni kwa bibi, kijijini Suguti. Mchana mmoja dada alikuwa amenisomea hadithi ya jumba lenye chumba kisichofunguliwa, ambamo mwenye nyumba alificha maiti. Bibi naye akajifungia chumbani. Nikasikia gudugudu, gudugudu, na harufu ya kitu kilichochacha.

Akatoka mikono inang'aa mafuta, akaanza kunipaka usoni.

"Bibi, haya mafuta ya nani?"

"Ya Nyangeta. Yanalainishaga ngozi."

Alikuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu, lakini mimi mtoto wa mjini ningejuaje kuwa ng'ombe naye hupewa jina? Alasiri nzima nilikaa njiani nikimwuliza kila mama aliyepita jina lake, nikiomba Mungu Nyangeta awe hai.