Nilivyompigia Kelele Kapteni Juu ya Geita

Kwetu Kishapu, mtoto hamkatizi mzee kauli. Hata kama mzee anasimulia jambo ulilolishuhudia mwenyewe, na analikosea, unakaa kimya na kuitikia. Nililelewa hivyo, tena nikalelewa vizuri. Ila baba alitupa ruhusa moja sisi tuliochunga: ng'ombe wakielekea kwenye pamba ya watu, piga kelele. Aliye karibu nao awe babu, awe mgeni, mpigie kelele akimbie kuwarudisha. Shikamoo itafuata.

Sasa mimi ni rubani msaidizi. Nalisema bila kuona haya, maana nimelitolea jasho. Nilipoanza kazi nilikuwa kwenye matazamio, na kapteni aliyekuwa akinipima alikuwa wa rika la baba yangu, mtu wa pwani, mpole, mwenye hadithi zisizokwisha. Neno lake ndilo lingeamua kama nibaki, au nirudi nyumbani nikaangalie ndege kutokea chini kama zamani.

Siku hiyo tulipakia wafanyakazi wa mgodi waliokuwa wakienda likizo, tukaruka kutoka kiwanja kidogo cha Geita kuelekea Dar es Salaam. Mwongoza ndege alituambia tuishie futi elfu kumi na tatu, kwa sababu futi elfu moja tu juu yake kulikuwa na ndege nyingine ikielekea Mwanza. Kapteni akaiweka namba kwenye kidirisha cha otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege, akaionyesha kwa kidole na kuitaja. Nami nikaionyesha nikaitaja. Ndivyo kazi yetu inavyotaka.

Tulipokaribia kimo chetu, mtambo ukaanza wenyewe kulaza pua ya ndege. Hapo hapo wingu likatutikisa. Kapteni, kwa kuwaonea huruma abiria, akagusa gurudumu dogo la mtambo huo ili tupande polepole zaidi. Huruma nzuri, ila gurudumu lile lina hila: ukiligusa wakati huo, otopailoti inaiacha namba uliyoiwekea na kukufuata wewe. Neno dogo la kutuambia kwamba kimo kinashikwa likazimika kwenye kioo. Kapteni hakuliona. Alikuwa anamalizia hadithi ya harusi moja ya Tanga.

Nikafungua mdomo, ikatoka adabu. "Samahani mzee, naona kama..."

Akainua kidole, yaani ngoja nimalize. Nikawaza matazamio yangu, nikawaza nitakavyorudi nyumbani na begi langu. Namba za kimo zikaipita elfu kumi na tatu, na hazikusimama.

"Kapteni, tunapitiliza! Shusha!"

Sauti ile haikuwa ya chumba cha marubani. Ilikuwa ya malishoni kabisa, na nadhani abiria wa mbele waliisikia. Kapteni akaiacha harusi katikati, akazima otopailoti, akashusha pua kwa mikono yake. Baadaye kidogo tuliiona ile ndege nyingine ikipita juu yetu, salama. Akashika redio, akamwambia mwongoza ndege kwamba tulipitiliza na kosa ni lake mwenyewe. Nilimheshimu kuliko siku zote.

Tulipotua nilimwamkia upya, maana nilijihisi nina deni la adabu.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Mimi nimemaliza kukupima," akasema. "Unabaki."

Nilipokwenda likizo nikamsimulia baba. Sijui nilitegemea nini, kwa sababu siku ya mnada habari ilikuwa imeshawafikia wauza mbuzi wote. Nimesimama kando yake, mzee mmoja akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye aliyemfokea mkubwa wake? Binti gani huyo asiye na adabu?"

Baba akasukuma kofia yake nyuma.

"Ng'ombe walikuwa wameshafika kwenye pamba," akasema.

Mzee akaguna. Kisha akaninyooshea mkono na kunisalimia kwa Kisukuma, kabla mimi sijafungua mdomo: "Mwangaluka, rubani."