Chuma cha Radi Kilichomtaja Mama Yangu

Mama yangu alitoa cheche kichwani saa tano asubuhi, jua likiwaka, mbele ya watu zaidi ya sitini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Walipiga kelele tu. "Ni yeye! Ni yeye!"

Mimi nilikuwepo. Nilijua kilichotokea tangu cheche ya kwanza.

Na nilinyamaza.

Naandika haya kwa sababu huku Kerende bado wanaisimulia habari hii vibaya, na nimechoka kusikiliza.

Naitwa Robi. Nina stashahada ya uchenjuaji wa madini, nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya kupima sampuli pale Nyamongo. Ni mtu wa aibu. Shuleni nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono. Mtu akinikanyaga, mimi ndiye naomba samahani.

Kwa wasiojua mambo yetu: kwa Wakurya, mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake. Anatoa ng'ombe kama kawaida, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu.

Bibi Mokami alimuoa mama yangu hivyo. Wakaishi pamoja miaka ishirini na sita. Mama alimlimia, akampikia, na bibi alipozeeka akamwogesha. Bibi alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mikono ilipoanza kutetemeka, mama ndiye aliyekuwa akimwashia, kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba shingoni kwa bibi kama kitambulisho cha kazi.

Mwaka huu bibi akafariki. Alikuwa na miaka themanini na kitu. Hospitali waliandika ni moyo.

Baba mdogo Amos, mtoto wa shemeji yake bibi, akakataa.

"Moyo!" alisema pale msibani. "Moyo wa mtu unasimama wenyewe tu, bila mkono wa mtu?"

Hilo ni swali la mwanaume mzima mwenye watoto saba na kadi ya kupigia kura.

Kila mtu alijua anachotaka. Alitaka mji wa bibi, yaani nyumba na shamba lake, na mama alikuwa amekaa katikati yake. Lakini hakusema hivyo. Alisema bibi alilishwa sumu, na kwamba yupo mtaalamu anayeweza kumtaja aliyemlisha.

Siku ya nne baada ya mazishi, mtaalamu akaja.

Alishuka kwenye bodaboda ya Felix, kijana wa hapa kijijini, akiwa na koti la suti kwenye jua lile, viatu vya ngozi bila soksi, na miwani ambayo kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Akajitambulisha kama Profesa Zablon. Profesa wa nini, hakusema. Wapi alisomea, hakuna aliyeuliza. Watu wetu ukiwaambia una diploma wanataka kuona cheti. Ukiwaambia umetumwa na radi wanakuletea kiti.

Akafungua kitambaa chekundu. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma cheusi, kirefu kama kalamu na kinene kama kidole cha mwisho.

"Hiki," akasema, "kilidondoka na radi kule Serengeti, upande wa Mugumu. Nyati akakimeza. Kikakaa tumboni mwake miaka saba. Hakijui uongo."

Watu wakaguna kwa heshima.

Mimi nikawaza: nyati gani anameza chuma, na nani alikuwa anahesabu hiyo miaka? Lakini niliwaza tu.

Akawapigisha magoti wanawake wa mji mmoja mmoja. Anashika chuma juu ya kichwa chako, anapitisha mgongo wa kisu taratibu kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Kimya. Huna hatia, inuka.

Mke wa Amos, kimya. Shangazi Modesta, kimya.

Mama akapiga magoti. Zablon akakizungusha chuma kidogo kwa kidole gumba. Kidogo sana. Halafu akakwangua kwa nguvu.

Cheche nyeupe zikamwagika kama mchele, zikatoboa kilemba cha mama matundu mawili.

Hapo ndipo kelele zikaanza.

Mzee Nashoni, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akasimama akashika kichwa. Amos akatoa hukumu haraka haraka, kama mtu aliyeikariri nyumbani: mama aondoke kabla jua halijazama, na nguo zake tu. Mimi na mdogo wangu tutabaki, kwa kuwa sisi ni watoto wa nyumba ile.

Mama hakulia. Alinitazama mara moja, kwa muda mrefu, akaingia ndani kukunja nguo.

Nikaangalia chini.

Sasa niwaambie nilichokuwa nimekiona.

Ile haikuwa radi. Ilikuwa seriamu. Ni metali laini ya kijivu, laini kiasi cha kukatwa kwa kisu, na ukiiacha kwenye hewa inapoteza mng'ao na kuota unga. Ukiichanganya na chuma na ndugu zake wengine inakuwa ngumu kidogo, na ukiikwangua kwa kitu chenye makali, vipande vidogo vinavyobanduka vinashika moto vyenyewe hewani. Haihitaji nyati.

Iko kwenye kundi linaloitwa metali adimu, na hata hilo jina linadanganya, kwa sababu ardhini seriamu ipo nyingi karibu sawa na shaba. Shida ni kuitenganisha na wenzake. Inatoka kwenye mawe kama monazaiti, na hata nchini kwetu, Songwe, kuna kilima chenye metali za ukoo huo. Unga wake unang'arisha vioo na lenzi. Ipo kwenye bomba la moshi la magari, inasaidia kupunguza sumu ya moshi.

Na ipo kwenye kila kiberiti cha gesi unachonunua dukani. Kale kajiwe kadogo chini ya gurudumu. Ndiyo hiyo hiyo.

Vipande vikubwa kama cha Zablon wanauziwa watalii wanaopiga kambi, wawashie moto. Vinakuja vimepakwa rangi nyeusi ili visiote unga. Usipoikwangua ile rangi, havitoi cheche.

Profesa alikuwa ameikwangua upande mmoja tu.

Upande wa rangi kwa anaowapenda Amos. Upande unaong'aa kwa mama yangu. Huo ndio ulikuwa utaalamu wote.

Nilisimama pale na elimu yangu yote, nikiona haya kuongea mbele ya wazee. Kupitia mlangoni nikamwona mama anakunja kanga aliyovaa siku ya mazishi. Akaiweka kwenye mfuko wa sandarusi. Akatafuta ndala zake.

Ndala ndizo zilinishinda. Moja ilikuwa na kamba iliyokatika, akawa anaifunga kwa waya ili imfikishe anakokwenda. Na hakuwa na anakokwenda.

Zablon alikuwa ameweka chuma juu ya kigoda, anakunywa uji.

Nikakichukua.

"We binti!" akaruka. "Mwanamke hashiki hicho, utapofuka!"

"Shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini. Mazoea.

Nikachukua na kisu chake. Nikakwangua rangi pande zote, mpaka unga mweusi ukajaa kwenye sketi yangu. Zablon akanyoosha mkono anipokonye, Felix wa bodaboda akamzuia kwa bega.

"Muache, mura. Si umesema chuma hakijui uongo? Unaogopa nini?"

Nikaenda alipokaa Amos. Nikakishika juu ya kichwa chake. Nikakwangua.

Zikamwagika. Amos akaanguka na kiti chake, miguu juu.

"Kumbe Amos ndiye aliyeua!" mtu akapiga yowe.

Hapa ndipo watu wa kwetu waliponionyesha walivyo. Sekunde tano hazikupita. Wale wale waliokuwa wanampigia mama kelele wakaanza kutafuta fimbo za kumpiga Amos. Hakuna aliyesema, "Subiri, kwanza ilikuwa yule, sasa huyu, vipi?" Cheche zimesema, basi. Vichwa likizo.

Nitakuwa mkweli. Nilijaribiwa. Ningefunga mdomo tu, Amos angefukuzwa yeye, na mama angebaki kiroho safi. Sikuhitaji hata kudanganya.

Amos akanitazama kutoka chini, udongo mdomoni. "Robi. Mwanangu. Waambie."

Mwanangu! Asubuhi hiyo nilikuwa mtoto wa mchawi.

Nikamhurumia. Najichukia kwa hilo, lakini nilimhurumia.

Nikakwangua juu ya kichwa changu mwenyewe. Cheche. Nikaenda kwa mzee Nashoni, "Samahani, tata," nikakwangua. Cheche. Juu ya Shangazi Modesta. Juu ya sufuria la uji. Juu ya mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa ua, akalia meee.

"Mbuzi naye amemuua bibi?" Felix akauliza.

Mtu mmoja akacheka. Halafu wote.

Nikamalizia kwa Profesa. Yeye hakusubiri cheche. Alikimbia mpaka kwenye pikipiki, akapanda, akagundua dereva hayupo.

"Twende!" akamwita Felix.

"Panda radi yako," Felix akamjibu.

Akaondoka kwa miguu, koti mkononi. Ukimtazama kwa nyuma alikuwa mtu mdogo sana.

Mama akabaki. Mzee Nashoni alitamka hivyo mbele ya wote, huku akijipangusa unga kichwani. Amos hajaomba radhi mpaka leo. Anapita mbali.

Mnadhani watu walijifunza? Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu kutoka kijiji cha pili.

"Dada Robi, habari za kazi? Tunaomba utuletee kile chuma. Tuna mwizi wa kuku."

Nilikata simu bila kuaga. Kwangu mimi hilo ni tusi kubwa.

Jioni hiyo nikamsimulia mama, tukacheka. Kisha nikaanza kumweleza tena habari za seriamu, kwa maneno rahisi rahisi, kama unavyomweleza mtu ambaye hakusoma.

Akanikatiza. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa kiberiti cha bibi, kamba bado ipo. Akafungua kichwa cha kiberiti kwa ncha ya kisu, akadondosha kajiwe kadogo kiganjani mwangu.

"Kakiisha hutoi moto," akasema. "Nimekuwa nikikabadilisha miaka yote. Zile cheche zilivyonukia tu, nilijua ni haka."

Nikakatazama kale kajiwe.

"Mama. Ulijua? Mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Mtuhumiwa? Nani angenisikia?" Akarudisha kajiwe mahali pake, akakijaribu kiberiti. Kikawaka. "Nilikutazama wewe."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ningekwenda."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Nimemdharau Zablon, nimemdharau Amos, nimewadharau watu sitini waliosubiri chuma kiwafikirie. Lakini wao hawakujua. Kulikuwa na wawili tu waliojua pale uani. Mmoja alikuwa amepigishwa magoti. Mwingine alikuwa mimi, nimesimama, naona haya.

Wewe unayesoma, kama unajua kitu, kiseme wakati mtu bado anakunja nguo. Sauti itatetemeka. Acha itetemeke.