Susi ya Karimu Mshona Viti

Karimu hushona viti vya magari katika mtaa wa Bwiza, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la vipuri na meza ya muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Teksi ikichanika kiti, au ikitaka kuvaa skai mpya, ile ngozi ya bandia, kabla ya harusi, huletwa kwake. Mikono yake haipumziki, kwa hiyo kinywa kimekuwa mfuko wake wa tatu: upande wa kushoto hubana pini, na kwa miaka mingi upande wa kulia ulibana kijiti cha susi.

Susi ni mzizi. Nje una rangi ya udongo mkavu, ndani ni wa njano, na utamu wake si kama wa sukari. Unachelewa kufika, kisha unakaa. Wanaosema Kifaransa wanauita reglisi. Massoudi, muuza viungo wa barabara ya pili, huuagiza kutoka Dar es Salaam. Karimu aliujua utotoni, bibi yake alipomchemshia kwa ajili ya kikohozi. Kikohozi kilipoa, koo likalainika, na mtoto akagundua kwamba ana sauti. Tangu ujana wake yeye ndiye mwadhini wa msikiti mdogo wa mtaa wao. Hata Adrien, dereva wa teksi ambaye Jumapili huenda kanisani, husema kwamba hana haja ya saa ya kumwamsha.

Mwaka juzi Karimu alionekana ana shinikizo la damu, lile ambalo mjini kwetu watu huliita tansiyo. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi na sukari. Alitii kama anavyotii vipimo vya mteja. Mkewe Sumaya akaanza kupika maharage yasiyo na chumvi hata kidogo. Sukari iliondoka mezani. Lakini chai isiyo na utamu ilimshinda, kwa hiyo Karimu akawa anatia vipande vya susi ndani ya thermos, akainywa kutwa nzima. Sumaya aliwaringia majirani kwamba mzee wake ameiacha sukari bila ugomvi.

Tansiyo ikapanda. Daktari wa kituo cha afya akaongeza kidonge cha pili, ikapanda tena. Miguu ilivimba hadi Karimu akawa anavikanyaga viatu kisigino. Mguu wa kukanyagia cherehani ulianza kuchoka kabla ya adhuhuri, akalalamika kwamba umekuwa wa mtu mwingine. Ndipo daktari alipomwambia neno lililomchoma kuliko sindano: Ramadhani inakaribia, na tansiyo isiposhuka, hakuna kufunga.

Karimu hajawahi kukosa kufunga tangu alipobalehe. Alijua kwamba dini inamruhusu mgonjwa kula, na imamu alimkumbusha hivyo kwa upole. Hata hivyo hakuweza kujiona akipanda kuadhini magharibi, watu wakimsubiri na tende mkononi, naye tumboni ana chakula cha mchana. Kwa hiyo alijitahidi zaidi. Alipunguza nyama, akatembea kwa miguu hadi msikitini, na susi akaiongeza, maana inaondoa kiu, naye alitaka kuuzoesha mwili.

Siku ya kupimwa alikwenda na Sumaya. Nesi Christa, ambaye hutoka Musaga kila asubuhi na anawajua wagonjwa wake kwa majina, alimfunga mkanda mkononi, akapuliza, akasoma. Akapuliza tena.

"Papa Karimu, vidonge unakunywa?"

"Kila siku. Uliza huyu."

"Anakunywa," alisema Sumaya. "Mi nasimama pale mupaka ameze."

"Na chumvi?"

"Chumvi! Mutoto wa jirani alionja mboga yetu, akauliza kama tuko mu kilio."

Christa alicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye kipimo. "Hakuna dawa ingine? Ya miti, ya Wachina, ya kununua sokoni?"

"Apana. Mi si mutu wa waganga."

Hakudanganya. Swali lilihusu dawa, naye akajibu kuhusu dawa. Christa aliinama, akabonyeza kifundo cha mguu wake. Kidole kikaacha shimo. Alipoinuka, macho yake yaliangukia kichwa cha Karimu. Nyuma ya sikio moja palikuwa na chaki ya fundi. Nyuma ya sikio la pili palikuwa na kijiti.

"Na huu, papa? Mswaki?"

"Huo ni susi. Ni kitu ya mudomo tu."

Christa alikichukua, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi. "Reglisi! Unatafuna saa ngapi?"

"Uliza ni saa ngapi hatafuni," Sumaya alisema. "Akilala tu. Na chai yake ni hiyo hiyo, thermos muzima, tangu mulimukataza sukari."

Christa alitoka na kile kijiti, akarudi na daktari. Daktari alikitazama, kisha akakaa kitandani kando ya Karimu.

"Muzee, huu muzizi si sumu. Koo likikauka, kikohozi kikisumbua, siku chache haina neno. Wengine unawatuliza tumbo. Lakini ule utamu wake, ukiutumia kila siku, unaambia mwili ushike chumvi na maji, na utupe potasiamu, ile tunapata mu ndizi. Ndiyo maana miguu inavimba, na mguu wa kazi unachoka. Vidonge vyangu vinavuta huku, muzizi unavuta kule."

Karimu alitazama sakafu. "Lakini ni muti, docta. Mungu ameuumba."

"Na tumbaku nani ameiumba?" aliuliza Sumaya.

Walimtoa damu ili wapime hiyo potasiamu, wakamwambia auache mzizi kabisa, na asitazamie kwamba mwili utageuka kesho, ungechukua majuma. Karimu aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini.

"Na sauti yangu?"

"Sisi mu kwaya tunakunywa maji ya moto na tangawizi," Christa alimjibu. "Na bado paroko anatuvumilia."

Nyumbani alimkabidhi Sumaya fungu lote la susi. Siku za kwanza kinywa kilikuwa yatima. Alijaribu kubana pini pande zote mbili, nusura ameze moja, Sumaya akampa karafuu ya kutafuna. Maji ya tangawizi alikunywa, lakini koo lilikuwa limezoea kubembelezwa, na sauti ikatoka na mikwaruzo. Adrien alisimamisha teksi mbele ya kibanda.

"Karimu, leo asubuhi umeadhini ama gari ilikataa kuwaka?"

"We uliamuka hukuamuka?"

"Niliamuka."

"Basi iliwaka."

Kidogo kidogo viatu vilianza kumwingia. Mguu ukarudi kwa mwenyewe. Alishona viti vya basi dogo zima bila kuomba kupumzika, akamwita muuza ndagala aje ashuhudie. Shaabani ilipokuwa inakwisha, alirudi kituoni. Christa alipuliza mara moja tu, akamwita daktari.

"Funga," daktari alisema. "Vidonge utakunywa futari na daku. Ukisikia kizunguzungu, fungua. Usitafute ushujaa."

Sumaya alimshukuru Mungu kwa sauti iliyosikika hadi dirisha la dawa.

Jioni ya kwanza ya mfungo, Karimu alikula tende moja, akanywa maji, akapanda. Sauti yake ilikuwa na ukavu kidogo mwanzoni, kisha ikajikunjua, na mtaa mzima ukashusha mikono kwenye sahani.

Sasa kuna desturi moja pale kwake. Kila Ramadhani, baada ya sala, huwamiminia majirani maji baridi ya susi. Huyainua juu, huyaachia yaanguke ndani ya kikombe, nayo hutoa povu jeupe. Watu walidhani mwaka huu desturi imekufa. Haikufa, ila alikuwa amemuuliza Christa, na sasa vikombe vilikuwa vidogo na kila mtu alihojiwa mlangoni.

"Uko na tansiyo? Moyo? Mafigo? Unakunywa vidonge gani?"

Mkwewe Houda, aliye mjamzito, alipewa juisi ya marakuja, yaani pasheni, kabla hajafungua mdomo. Kisha akaja Massoudi, amenyoosha kikombe.

"Tansiyo?" aliuliza Karimu.

"Aah, ya kwangu ni ndogo tu. Ya biashara."

Karimu alishusha jagi, akachukua birika, akamjazia maji.

"Wee Karimu! Muzizi mi ndiye nimekuuzia!"

"Najua," alisema Karimu, akijimiminia tangawizi yake. "Kaa hapa tunywe."