Wimbo wa Nyongeza

Kwetu Karagwe mtu hafi mpaka kilio kisikike. Anaweza kuwa amekata roho tangu alfajiri, lakini kama mwanamke wa nyumba ile hajatoka uani akapaza sauti, majirani wanaendelea kulima na hakuna wa kuwalaumu. Kilio kikishasikika, basi. Jembe linawekwa chini papo hapo, aliyekuwa anakamua pombe ya rubisi anaacha ndizi zilivyo, na aliyekuwa njiani kwenda mnadani anageuza. Muziki nao unazimwa, hata kama bwana harusi ndio kwanza ameshika kiuno cha bibi harusi. Nayasema haya mapema kwa sababu mimi na mwenzangu tulikuwa wapiga disko, na kwa miaka mingi bosi wetu alikuwa kilio cha watu.

Tulikuwa wawili tu. Mali yetu ilikuwa dekki mbili za kaseti, amplifaya, jenereta yenye kikohozi, maspika mawili ya mbao tuliyoyagonga wenyewe, na spika moja ya honi, ile ya bati yenye mdomo mpana wanayoifunga kwenye mikutano. Kaseti tulikuwa nazo sanduku zima. Tukirudisha kanda nyuma tulitumia kalamu ya biki ili kuokoa petroli, na mpaka leo kidole changu cha shahada kina sugu ambayo si ya jembe. Marehemu baba aliitazama sugu hiyo kwa uchungu mwingi.

Baba alikuwa karani wa mahakama, Mhaya wa Bukoba aliyehamishiwa huku, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alikuwa na gramafoni ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mwaka ule wa vita, sabini na nane kwenda sabini na tisa, alichukua kijana wa kumlimia migomba. Wazazi wa kijana huyo walivuka mpaka kutoka Rwanda kabla hatujazaliwa, wakavunja mgongo kwenye vibanja vya migomba vya watu mpaka wakapata chao wenyewe, kwenye kilima cha ng'ambo ya bonde, kinachotazamana na kwetu Kituntu. Siku moja baba aliweka santuri, na jembe la kule migombani likanyamaza. Baba akatoka nje.

"Wewe, nimekuita kulima au kusikiliza?"

"Vyote viwili, waitu," kijana akajibu kwa heshima zote za Kihaya, "lakini unanilipa kimoja tu."

Baba alimfukuza. Mimi nilimfuata barabarani. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kuanzia siku hiyo hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Karani, kwa kunikejeli, na mimi nilimkejeli kwa mengi ambayo hayafai kuandikwa.

Kupiga kwetu kulikuwa kwa kutegana. Kila mmoja alikuwa na dekki yake, na wimbo wa huyu ukiwa unakwenda, mwingine anaandaa wake bila kusema ni upi. Mimi nilikuwa mtu wa rumba. Ningeachiwa, ningepiga rumba kutoka kula mpaka kulala. Yeye alipenda kila kitu, na hilo lilinikera sana mwanzoni. Nikimaliza rumba ya Zaire iliyowatoa watu jasho, yeye anajibu kwa wimbo wa filamu ya Kihindi, kisha rege, kisha ngoma ya wafugaji iliyorekodiwa redioni pamoja na mikwaruzo yake. Niliona aibu. Lakini nilikuwa naona pia kwamba kibarua wa Kirundi aliyekuwa amejikunyata ukutani tangu saa nane sasa amenyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe, na analia. Kwenye harusi moja ya Walutheri huko Nkwenda, siku hizo wilaya ya Kyerwa ikiwa bado ni Karagwe, alichomeka kwaya katikati ya nyimbo mbili za dansi, na mchungaji akatikisa mabega kabla hajakumbuka yeye ni nani.

"Mtu akija na kiu, humwulizi kwao wapi," alikuwa akisema. "Unampa maji."

Na kulikuwa na nyongeza. Hiyo ilikuwa yake kabisa. Mama yake aliuza maharage gulioni, na kila akishapima kibaba alitia gao moja juu, bure. Mwenzangu alileta desturi hiyo kwenye disko. Wimbo wa mwisho ukiisha tulizima, tukawaacha watu waanze kutafuta kandambili zao na kunung'unika, ndipo tunabonyeza tena. Mmoja wa nyongeza, mrefu, mpaka kanda inaisha. Watu walishajua, lakini kila mara walipiga kelele kama wamefanyiwa mshangao. Toka Bweranyange mpaka mpakani Murongo tulijulikana kwa wimbo huo.

Kisha watu wakaanza kukonda.

Sitaeleza mengi, anayetoka Kagera anajua. Mwanzoni ugonjwa uliitwa kwa jina la nguo za magendo zilizovuka kutoka Uganda, kana kwamba ni mtindo mpya. Wengine walisema ni kurogwa. Sisi tuliuona kwenye uwanja wa kuchezea. Yule msichana aliyekuwa wa kwanza kuingia uwanjani hakuja wiki hii, wala iliyofuata, kisha tukasikia kilio kutoka kwao. Wapo wanaosema kifo cha wengi ni harusi. Aliyetunga methali hiyo hakufika Karagwe miaka ile. Kifo cha wengi kilituulia harusi zote. Ilikuwa tunafunga waya, tunawasha jenereta, watu wanaanza kuchangamka, na kutoka kwenye migomba fulani sauti inapanda. Tunazima. Tunakunja. Jumamosi inayofuata hivyo hivyo.

Mwenzangu hakuzoea. Kila tulipokata wimbo katikati alisonya, akakaa juu ya spika akishika kichwa.

"Wimbo ni mtu," aliniambia mara moja. "Unamkata akiwa bado anaongea."

"Kuna mtu amefiwa pale."

"Najua. Sikatai. Nasema tu kwamba unauma."

Halafu kijiji kikaitisha mkutano. Disko za usiku zikapigwa marufuku, kwa kuwa ndizo zilizoonekana kuleta ugonjwa. Mzee mmoja, ambaye kwenye disko zetu alikuwa haondoki mpaka nyongeza, alisimama akatutazama moja kwa moja na kusema msiba wa kujitakia hauna kilio. Watu wakaguna kukubali. Mama yake mwenzangu alikuwa amekaa upande wa wanawake, kanga yake imefunika mdomo. Nilimwona akiinamisha uso. Nilitamani kumrushia mzee yule kiti, na hata sasa ninavyoandika natamani.

Wakaturuhusu kupiga mchana, Jumamosi, kwenye ua wa ghala la kahawa pale Kituntu, mpaka jua lizame. Disko la mchana ni kitu cha kuhuzunisha. Taa zetu za rangi hazikuonekana. Watu walichezea vumbini wakitazamana mbavu, kila mmoja akimpima mwenzake, nani amepungua tangu wiki iliyopita. Mchana hauna mahali pa kujificha, na ndipo walipomwona mwenzangu.

Alikuwa amebaki mifupa na meno. Shati lilimning'inia. Wimbo ukihitaji kubadilishwa alishika meza kwa mkono mmoja. Nilisikia watu wakimsema, na nilimwona msichana akifuta kaseti aliyokuwa ameishika mwenzangu. Siku hiyo nilipiga rumba tano mfululizo kwa hasira, naye kwa mara ya kwanza hakunijibu.

Muda si muda hakuweza kuvuka bonde. Nikaenda kwao kumwambia kwamba tupumzike kwanza mpaka apate nafuu. Alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na dirisha, na mama yake anamnywesha uji kwa kijiko.

"Nani apumzike?" akasema. "Mimi nimeshapumzika. Sikia, Karani. Ile honi ifunge juu ya paa la ghala, mdomo uelekee huku. Wewe unapiga, mimi nasikiliza. Bado tuko wawili."

Nikaifunga. Watu waliona ni ujinga, sauti nzuri inakwenda kwa migomba na ndege. Lakini kutoka siku hiyo sikupiga tena peke yangu. Kila wimbo niliouweka niliuweka nikimtega yule mtu wa ng'ambo, na Jumapili baada ya misa nilivuka bonde kwenda kusomewa mashtaka.

"Ule wa Kihindi umeuweka watu wana njaa. Ule ni wa watu walioshiba."

"Ndio."

"Na rumba zilikuwa tatu kwa mpigo. Umeoa rumba?"

"Angalau rumba haisonyi."

Hicho ndicho kilichokuwa kimembakiza hai, nilikiona wazi. Wiki nzima alikuwa anaisubiri Jumamosi. Mama yake aliniambia kwamba siku hiyo alikubali kula, alikubali kuinuliwa akaegeshwa dirishani. Na siku tulizozima kwa sababu ya msiba wa watu, aligeukia ukutani na hakutaka hata maji.

Jumapili moja nilimkuta na nguvu kidogo, ya kutosha kunichokoza.

"Karani, nikifa Jumamosi mchana, utanikata katikati?"

"Nitakukata. Nimewakata wakubwa zako, wewe nani?"

"Hata kabla ya nyongeza?"

"Hata kabla ya nyongeza."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mama yake alikuwa mlangoni anachagua maharage kwenye ungo. Aliinua kichwa akatukemea.

"Nyamazeni nyie. Kifo hakitaniwi."

Nilipotoka nilimwambia, "Haya mama, shikamoo, naondoka," na yeye akaitikia marahaba bila kuacha ungo wake.

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na msiba popote karibu. Nilishangaa mwenyewe. Tangu asubuhi nilitega sikio na kilima chote kilikuwa kimya, watu wanapalilia, moshi unapanda. Watu wakaja wengi kuliko kawaida. Nikawasha, nikapiga rege, nikapiga ngoma ya wafugaji, nikapiga kwaya. Nilitaka Jumapili akose cha kusema.

Katikati ya alasiri alifika jirani wa kwao mwenzangu, mama wa makamo, amepanda kutoka bondeni hana pumzi.

"Mama anauliza leo mtafunga saa ngapi."

Ilinichoma. Kilima kile kilikuwa hakijawahi kutulalamikia.

"Kelele zinamsumbua mgonjwa?"

"Hakusema. Sikuingia hata ndani. Aliniita kupitia dirishani, amefunga mlango."

"Mwambie jua likigusa mlima tunafunga."

Akaondoka. Nilishika kitufe cha sauti nikafikiria kupunguza, kisha nikaacha. Nikajiambia kwamba mwenzangu mwenyewe ndiye angesema. Nikaweka wimbo wa Kihindi, kwa sababu siku hiyo palikuwa na ndizi na nyama na watu walikuwa wameshiba, nikajipongeza.

Jua likagusa mlima. Wimbo wa mwisho ukaisha, nikazima. Watu wakaanza kutafuta kandambili. Nikahesabu pumzi zangu kidogo kama tulivyozoea, nikabonyeza tena. Nilimpa rumba yangu ndefu kuliko zote, ile aliyokuwa akisema ina magitaa ya kumchosha hata punda. Kelele za watu zilikuwa kubwa. Nilikuwa nacheka peke yangu, nikimwona dirishani anasonya.

Kanda ikaisha, ikajikata yenyewe. Nikazima jenereta. Sikuwa hata nimegusa waya wa kwanza niliposikia sauti inapanda kutoka ng'ambo. Ilipanda ikakatika, ikapanda tena. Watu wote uani waligeuka wakatazama kilima kile, kisha wakanitazama mimi.

Alikufa saa sita mchana. Tuliambiwa baadaye, na wazee walimjia juu mama yule. Kukaa na maiti ndani mchana kutwa kimya, watu wanalima, watu wanacheza ngoma, hilo halijawahi kuonekana. Mzee yule wa mkutanoni ndiye aliyefoka kuliko wote. Mimi nilichimba kaburi na wengine, na nilikuwa na hasira na kila aliyekuwa hai, nikiwemo mimi.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kumwona mama yake. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwamkia, nikakaa, nikashika kisu nikamsaidia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alikisema polepole.

"Nilituma kuuliza mnafunga saa ngapi," akasema, "ili nijue nijibane mpaka lini. Hakupenda wimbo ukatwe."

Alichukua ndizi nyingine.

"Jua likagusa mlima, mkanyamaza. Nikasimama, nikafungua mlango, nikafungua na mdomo." Alitupa ganda kando. "Ndipo nikakumbuka bado nyongeza. Nikarudi ndani, nikakaa naye, tukasikiliza."