Papa Félicien Kwenye Kiti cha Nyuma

Enzi zetu kule Likasi, kinga haikuwa ya mtu mmoja. Kinga ni baiskeli. Ndivyo tulivyoiita, na ndivyo tunavyoiita mpaka leo hapa Brussels, sisi tuliotoka Katanga. Ni kweli ilinunuliwa na baba mmoja, kwa jasho lake, lakini ikishaingia ndani ya lupango, uani mwetu, ilikuwa ya nyumba nzima na ya majirani pia. Asubuhi ilimpeleka baba kazini, mchana ilipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, na jioni, baba akiwa anakula na hatazami, ilikuwa yetu watoto. Ya kwetu ilikuwa nyeusi, ndefu, na kengele yake ililia kama mtu anayesafisha koo. Nasema nyeusi. Kaka yangu anasema ilikuwa ya kijani kizito, na yeye ni mkubwa kuliko mimi, huenda ndiye anayekumbuka vizuri. Lakini mimi nikifumba macho naiona nyeusi.

Jumamosi baba aliipindua, magurudumu juu, kama kuku anayechinjwa, akaipaka mnyororo mafuta kwa unyoya. Harufu ya mafuta yale ilichanganyika na ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka na mawese, na ya vumbi jekundu lililopigwa na mvua ya kwanza. Sisi tulichuchumaa pembeni tukizungusha pedali kwa mkono, polepole, halafu kwa nguvu, mpaka nyaya za gurudumu zikapotea machoni zikawa kama moshi, na nyuma ya moshi ule ukamwona mama akipita, mbuzi akipita, ulimwengu wote ukipita laini. "Musitie kidole!" baba alisema. "Kinga haina huruma." Tulitia. Haikuwa na huruma.

Kiti kilikuwa mbali nasi kama dari. Basi tulipitisha mguu mmoja chini ya lile bomba la juu, tukaning'inia upande, tukaendesha kama kaa anavyotembea. Wasichana tulikatazwa. "Mutoto mwanamuke hapandake kinga, atakosa bwana," mama alisema. Nilipanda, na bwana nilimpata. Lakini niwe wa haki kwa mama: bwana mwenyewe hakukaa.

Aliyetubeba alikuwa Félicien, mtoto wa nyumba ya mkono wa kulia, mkubwa wetu. Mmoja alikaa kwenye bomba, mmoja nyuma kwenye chuma cha mizigo, na mmoja, kwa kawaida yule mwepesi, yaani mimi, mbele juu ya usukani. Tuliteremka kutoka juu ambako jakaranda zilimwaga maua mpaka barabara ikawa ya zambarau, king'ora cha mgodi kikilia, na Félicien akipiga kelele, "Fungeni kinywa! Nzi!" Chini kulikuwa na mama wa mikate, ile ya duara ya kukaangwa. Alitufungia ndani ya gazeti, na mafuta yalipenya gazeti mpaka ukaweza kuona mwanga upande wa pili. Sijala tena mikate mitamu namna ile. Au labda nimekula, ila sikuwa na njaa ile.

Watoto wa leo wana trotineti za umeme, vile vibao vya magurudumu mawili. Wanasimama juu yake wima kama nguzo, simu mkononi, wanapita hawasalimii. Mjukuu wa dada yangu alipata tundu kwenye gurudumu huko Evere, akasimama kwenye kituo cha basi akisubiri mtu aje, kana kwamba ameita daktari wa mzazi. Sisi tulichota maji kwenye beseni, tukautumbukiza mpira, tukatafuta mapovu yanapotokea, tukasugua kwa kipande cha tofali, tukabandika kiraka, tukaondoka. Lakini niseme yote. Mpira wetu ulikuwa kiraka juu ya kiraka, tulisimama kila baada ya mwendo mfupi, na mtoto wa jirani alipoteza meno ya mbele akiwa mdogo kabisa. Kofia hakuna aliyevaa. Mjukuu yule ana meno yake yote. Tena hakuwahi kukutana na baba yangu na unyoya wake, angejifunzia wapi?

Hapa Brussels tumezoea kukutana Jumapili baada ya misa, mbele ya duka la baiskeli la mzee Jef, Koekelberg, nyuma kidogo ya Bazilika. Jumapili hauzi. Anafungua mlango nusu, anatoa viti na kahawa, basi. Jef ni Mbelgiji, lakini utoto wake aliuanzia Katanga, baba yake alipokuwa kazini migodini. Kiswahili alichobaki nacho ni cha jikoni: leta, weka, funga mlango. Mwanzoni kilituudhi. Halafu tukakumbuka kwamba mtoto huokota anachosikia nyumbani, na yeye mwenyewe alipotambua anaongea kama bosi aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Sasa anasema "tafadhali" hata pasipohitajika.

Mazungumzo yetu pale hayana kichwa wala miguu. Tunaanza na maduka. Maman Béa, anayefanya kazi ya usafi hospitalini huko Woluwe, analisema duka moja la kule ambako kinga zinaning'inizwa darini kama nyama ya kukaushwa kwa moshi, na muuzaji anakuuliza kwanza unajisikiaje. "Mie nilienda kutafuta frein," anasema, "yeye ananiuliza ndoto yangu!" Tunacheka. Kutoka breki tunafika kwenye magoti, kutoka magoti kwenye ndoa za watoto, na kutoka ndoa kwenye bei ya sombe. Halafu tunapanda, tunateremka mpaka kwenye mfereji, tunaufuata kidogo maji yakiwa ya rangi ya bati, tunarudi. Papa Félicien alitangulia siku zote. Ndiyo, ni yeye yule yule wa Likasi. Maisha yalitutawanya, yakatukusanya tena ndani ya kanisa moja la Koekelberg, wote wawili na mvi. Mimi huniita mudogo mpaka leo.

Majira ya baridi yaliyopita gurudumu lake liliingia kwenye reli ya tramu. Akaangukia nyonga. Walimpasua Woluwe, na sitawalaumu, walifanya kazi nzuri, anatembea. Lakini daktari alimwambia: tembea sana, papa, kila siku, ila kinga basi. Ukianguka mara nyingine hatutaweza kukutengeneza.

Akaacha kuja. Si kwenye kinga tu. Hata kwenye kahawa hakuja, hata misa alihamia ya Jumamosi jioni ili asitukute. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali. Jumapili ilikuwa siku yake moja ya kuitwa kwa jina na watu waliomjua akiwa na magoti mabichi. Maman Béa alikuwa ameona wazee wengi hospitalini, akaniambia wazi, bila mzaha, jambo ambalo kwake ni nadra: "Muntu anaanzaka kukufa na kiti. Anakaa, anakaa, kisha hasimame tena. Tumufuate."

Tulimfuata Evere na sahani ya bukari, ugali wetu. Anakaa juu, basi linapita chini ya dirisha na vioo vinatetemeka. Kinga yake ilikuwa kwenye korido, makoti yametundikwa juu yake. Nilipoiona vile sikujua niweke wapi macho.

"Bon, muichukue ile," alisema hata kabla hatujakaa. "Muipe mutu. Mie nimemaliza."

"Tutaichukua," Béa akamjibu, "na weye tutakuchukua. Jef iko na kinga moja murefu, inabebaka batoto nyuma. Utakaa nyuma."

"Mie? Kubebwa? Na bamama?" Alicheka, lakini si kicheko. "Siko mufuko ya makala." Makala kwetu ni mkaa.

"Mufuko ya makala haibishake," Béa akasema. "Alors kaa. Kaa na makoti yako."

Njiani nilimwambia Béa amezidisha. Alisema labda. Nami nilijilaumu kwamba sikusema lolote la kufaa mle ndani, nilikuwa nimekazana kupasha moto bukari. Lakini Jumapili ile ile iliyofuata, kahawa ikiwa imeshamiminwa, tukamwona anashuka kwenye tramu amevaa suti ya misa na viatu vilivyong'aa, fimbo mkononi. Sijui ni maneno ya Béa yaliyomleta au ni makoti.

Jef alikuwa amefunga mto nyuma na chuma cha kushikia. "Keti, tafadhali," alisema. Papa Félicien akaitazama ile kinga mbele na nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe asiyemwamini. Akakaa. Mimi niliendesha, kwa kuwa Béa anakwenda kasi mno. Kinga ile ina mota, ukikanyaga kidogo inakusukuma yenyewe, vinginevyo nisingethubutu. Nyuma yangu nilimsikia anapumua kwa hasira. Hakunishika bega; alishika chuma. Kwenye taa nyekundu mtoto mmoja, amekaa nyuma ya mama yake kwenye kinga kama yetu, alimgeukia akampungia mkono, kama mtu anayemsalimu mwenzake wa kazini. Papa Félicien hakumjibu. Halafu taa ikageuka kijani, akamjibu.

Kwenye mfereji bado alishika chuma. Manyunyu yalianguka, yale ya Brussels ambayo huyaoni ila yanakulowesha. Béa alipiga hadithi mbele peke yake. Nilifikiri, basi, tumemwaibisha mtu mzima bure, na atarudi Evere, na safari hii atafunga mlango kabisa.

Tukaanza kurudi. Barabara ya kwenda Bazilika inapanda. Si kilima cha Likasi, lakini ni kilima. Tulipofika chini yake alinigonga mgongoni.

"Simama."

Nikadhani ni nyonga. Nikasimama. Akateremka polepole, mguu mmoja, halafu mwingine, akanipa fimbo yake niibebe.

"Papa, ni nini? Inauma?"

"Kilima," alisema.

Nami sikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, naapa. Kwetu, aliyebebwa hushuka kwenye kilima akasukuma. Hakuna aliyetufundisha. Hata awe mtoto wa mkubwa wa kazi, hata awe amevaa nguo ya komunio ya kwanza, kilima kikifika anashuka, anaweka mkono mgongoni mwa mwendeshaji, anasukuma. Asiyeshuka habebwi tena. Félicien aliyekuwa akitubeba hakuwahi kusukuma. Sisi ndio tuliomsukuma yeye, mikono yetu midogo mgongoni mwake.

Sasa aliweka mkono wake mgongoni mwangu.

"Papa Félicien!" Béa akapiga kelele. "Ile iko na moteur! Inapandaka yenyewe!"

"Moteur njo ilinibeba? Ni huyu njo alinibeba," alisema. "Twende."

Nikakanyaga. Mota ikaamka, kinga ikaruka mbele, na mkono wake ukabaki hewani. Nikapunguza, akanifikia, akaweka mkono, kinga ikamkimbia tena. Alikuwa akitembea na mkono umenyooshwa mbele yake, kama mtu anayeaga treni. Kuna kitufe karibu na kidole gumba. Nikakibonyeza, mota ikazimika.

Mungu wangu, uzito! Miguu yangu ilitaka kusimama pale pale. Halafu nikausikia mkono wake mgongoni, kwa kweli safari hii, unasukuma. Si kwa nguvu nyingi. Nguvu ya mtu anayetembea, aliyeambiwa na daktari atembee.

"Aaa," alisema. "Kanyaga, mudogo! Kanyaga!"

Tulipanda hivyo, polepole kuliko watu wanaotembea. Béa alishuka naye akasukuma kinga yake kando yetu. Nilikuwa nikijiuliza kama ninamdanganya mzee wa watu, kama si haki kumfanya afikiri ananisaidia kumbe ni mimi niliyejitengenezea shida. Watu walitupita, kila mmoja na kinga yake, kofia yake, taa zake, kwenye njia yake iliyopakwa rangi. Si vibaya, barabara hizi zinatunza watu, na ningependa sisi pia tungetunzwa namna hiyo, pengine yule wa jirani angekuwa na meno. Lakini enzi zile hakuna aliyefika juu peke yake. Ulifika ukiwa na jasho la mwingine kwenye shati lako. Leo mtu anaweza kupanda vilima vyote vya maisha yake asijue mkono wa mtu mgongoni una joto kiasi gani. Una joto sana. Hata chini ya koti la mvua.

Juu, mbele ya Bazilika, alisimama akipumua, suti imelowa, viatu vina tope. Akachukua fimbo yake kwangu. Akapanda kwenye kiti cha nyuma bila kuambiwa, akanishika mabega.

"Bon," alisema karibu na sikio langu. "Washa sasa ile moteur yako, mudogo. Kahawa inapoa."