Volti Sita Nukta Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kwenye bahasha, nikapokelewa katika karakana ya kompyuta pale Kibaha, chumba kimoja kirefu kilichohudumia ofisi za umma za wilaya kadhaa. Mkuu wa Karakana alikuwa Mnyamwezi mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinionyesha mashine ya ofisi ya ardhi iliyokuwa ikijizima kila baada ya dakika kumi.

"Haya binti, inaumwa nini?"

Niliiwasha, nikafungua ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla mashine haijaamka sawasawa. Humo kompyuta hujieleza yenyewe joto lake na umeme wake. Mstari wa volti kumi na mbili ulisomeka kumi nukta tisa.

"Pawasaplai imekufa, Mkuu," nikasema. Pawasaplai ni lile boksi la bati linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa mdogomdogo ndani ya mashine.

"Nani kakwambia?"

"Imeandika yenyewe."

"Mgonjwa akija akasema ana malaria, daktari anamwandikia dawa bila kupima damu?"

Akanipa mita ya kupimia umeme. Nikashika ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye waya wa njano, mashine ikiwa inafanya kazi. Kumi na mbili nukta moja. Umeme ulikuwa mzima kabisa. Kilichosema uongo ni kipimo cha ndani ya mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba vyote. Ugonjwa wenyewe ulikuwa vumbi. Feni ilikuwa imeziba, mashine inachemka, inajizima. Tuliisafisha kwa brashi ya rangi, ikarudi ofisi ya ardhi siku ileile.

Ninyi vijana mnaobadilisha kifaa kizima kikileta shida, huenda mtaona tulikuwa tunapoteza muda. Lakini ule muda ndio ninaoutamani. Tulijua nyaya kama mpishi anavyojua viungo: njano ni kumi na mbili, nyekundu ni tano, rangi ya chungwa ni tatu nukta tatu. Kila mmoja ulikuwa na ruhusa ya kupanda au kushuka kidogo, asilimia tano tu. Njano ukishuka chini ya kumi na moja nukta nne, una mgonjwa. Mwekundu ukivuka tano na robo, zima haraka. Ukifungua boksi unatazama kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme. Kikivimba kichwani, hapo ndipo pa kuanzia. Na Mkuu hakukubali kifaa chochote kitoke stoo bila kupimwa kikiwa na mzigo, yaani kikilisha umeme mashine, maana pawasaplai isiyobeba kitu inaweza kuonekana nzima na kumbe ni mbovu.

Hilo nililijua vizuri. Ndiyo maana yaliyotokea Kisarawe sina pa kuyaficha.

Nilikuwa bado katika mwaka wa majaribio, na nyumbani nina mtoto wa miezi minane. Nilitumwa peke yangu kwenye kituo kimoja cha afya ambako kompyuta ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu ilikuwa haiwaki. Nilibeba pawasaplai ya akiba, iliyotumika, niliyoichukua stoo mwenyewe. Nje ya kliniki foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mti wa mkorosho. Muuguzi Kiongozi, mama wa makamo mwenye sauti kavu, alisimama mlangoni.

"Mwanangu, watu wametoka kijijini Masaki alfajiri. Bila hiyo mashine sijui nani anatumia dozi gani."

"Dakika tano, Sista."

Mita ilikuwa kwenye mkoba, karibu na goti langu. Sikuitoa. Nilifunga pawasaplai, nikachomeka, nikawasha. Feni zilivuma kwa nguvu nisiyoizoea, kisha ukaja ule moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki na chuma. Nilichomoa waya ukutani. Nikaichomoa diski, nikaigeuza: alama nyeusi, kubwa kama punje ya mtama. Ndipo nikapima ile pawasaplai, baada ya kuharibu. Waya mwekundu ulisoma sita nukta nne.

Diski ile ilikuwa na kumbukumbu za wagonjwa wote wa kliniki. Nakala za akiba tulizihubiri zaidi ya kuzifanya, na madaftari ya zamani yalikuwa yameachwa tangu mashine ilipoletwa. Muuguzi Kiongozi hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia yake, akasema, "Sasa nitawaambia nini hawa?"

Wiki iliyofuata tuliitwa mbele ya Afisa Utumishi, Mkuu na mimi.

"Nani alitoa kifaa hiki stoo?"

Nilifungua mdomo. Mkuu akawahi.

"Mimi. Nilimpa nikamwambia nimeshakipima. Sikuwa nimekipima."

Afisa alinigeukia. "Ni kweli?"

Nilimfikiria mwanangu. Nilitazama sakafu, nikasema, "Ndiyo."

Mkuu alivuliwa ukuu. Akapewa meza ya kupokea barua kwenye ofisi nyingine, na hakushika tena mita mpaka alipostaafu. Hakuwahi kunitajia jambo lile. Tukikutana ananiuliza habari za mtoto.

Niliomba kuhamia Kisarawe. Wakubwa walishangaa, maana wengine walikuwa wanaomba kutoka. Kwa miezi mingi, kila siku ya kliniki nilikaa na Muuguzi Kiongozi, mgonjwa akija na pakiti za dawa zake tunaandika upya: jina, kijiji, dawa, tarehe ya kurudi. Wasiokuja tuliwafuata kwa bodaboda hadi kwenye mashamba ya mihogo na matanuri ya mkaa. Muuguzi alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, anafumba macho anasema, "Kuna babu mmoja anakohoa, mguu wake una kidonda, anakaa nyuma ya kanisa." Tunaenda, tunamkuta.

Baadaye nilipelekwa Kwala, nikafanya kazi chini ya wakuu watatu, mmoja mkali, mmoja mvivu, mmoja mtoto wa mjini aliyeniita "bi mkubwa" na kunisikiliza kweli. Kompyuta za mezani zilipungua, zikaja za mapajani, zimegundishwa, hazifunguki. Mwaka wangu wa mwisho sikufungua hata pawasaplai moja.

Nilipostaafu, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda Magindu, ambako Mkuu alikuwa akifuga mbuzi. Alikuwa mzee sana, ila akili yake imetulia.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti." Bado aliniita binti, na mimi nina wajukuu.

Nilimwambia yote niliyoshindwa kumwambia Afisa Utumishi. Nililia, sikuona haya. Alisubiri nimalize, akamfukuza mbuzi aliyekuwa anatafuna kamba, akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Wale wagonjwa. Mliwapata wote?"

Kwenye ripoti ya kuwaandika upya wagonjwa niliandika kwamba zoezi limekamilika. Nilitazama uso wake, nikaona siwezi kudanganya mara ya pili mbele yake.

"Hapana. Alibaki mmoja. Mama wa Masaki, aliyekuwa anachoma sindano za sukari. Sista alikumbuka jina moja tu, Tatu. Tulizunguka vitongoji vyote. Wengine walisema alihama, wengine walisema hawamjui."

Mkuu akasema, "Kama jina lake bado unalo, basi hukumwacha," akaniagizia chai.

Alifariki mwaka uliofuata, na nilisimama kwenye maziko yake pamoja na watoto wake. Mimi nimejenga hukohuko Masaki, kijiji cha Tatu. Jirani zangu wanadhani nilifuata korosho. Mashamba nayapenda, mashine nazitamani, na asubuhi nyingine naamka nikijiandaa kwenda kazini kabla sijakumbuka. Lakini sokoni, mtu akiita "Tatu!" kwa sauti, mimi huweka kikapu chini na kugeuka.