Miss Winifred Alisimama Saa Saba na Nusu

Kwanza ujue sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na pombe haijawahi kupita kwenye koo hili. Ilikuwa mchana wa jua kali, saa saba na nusu, Wheaton, Maryland, watu wakitoka madukani na mifuko yao. Wanaosema mizuka hutoka usiku tu waendelee kusema. Mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwaka ule nilipewa Mwingereza wa miaka themanini na minane ambaye hakutaka kuitwa bibi wala mama. Alitaka Miss Winifred, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mwigizaji. Alianza akiwa na miaka kumi na sita, akibeba sinia jukwaani na kusema sentensi moja tu, kwamba wageni wamefika. Akapanda pole pole mpaka London, akaingia na kwenye filamu, ambako kila mara alikuwa mke wa mtu. Mke wa daktari, mke wa jaji, mke wa nahodha. Aliniambia ameolewa mara kumi na nne kwenye filamu na hajapata hata busu moja la maana. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Miguu yake ilikuwa imekataa kabisa. Kwa miaka miwili hakuwa amesimama. Lakini kila asubuhi baada ya uji aliniagiza nifunge mlango wa chumba chake ili ajifunze maneno, na ole wako ubishe hodi. Mchana alipiga kengele, nikaingia kumshikia karatasi na kumkumbusha alipokwama. Sehemu ya kuigiza ilikuwa moja tu siku zote: mjane anayekataa kuhamishwa nyumbani kwake. Na siku zote alikwama katika hotuba ya mwisho.

Kwa nini hiyo tu? Kwa sababu ndiyo aliyonyang'anywa, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Wiki moja kabla ya onyesho la kwanza, mwenye ukumbi aliitoa sehemu ile akampa rafiki yake wa kike. Kisha akamletea Winifred barua ya kupelekwa magazetini, inayosema ameugua na sauti imeharibika. Naye Winifred akatia sahihi.

"Sikuwa mgonjwa hata kidogo," aliniambia. "Waliiba kazi yangu, na mimi nikawashikia mlango watoke nayo."

Siku hiyo alilia, nami nilikasirika utadhani amefanyiwa dada yangu wa tumbo moja.

Sasa sikiliza. Siku ninayoisema alikunywa uji saa moja na nusu asubuhi, nikafunga mlango kama kawaida. Mchana kengele haikulia. Nilikuwa sebuleni nakunja nguo, nikainua macho, nikamwona amesimama kwenye zulia. Amesimama, nasema, bila kushikwa na mtu, nywele zimebanwa vizuri. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilitaka sana, ila aliniwahi.

"Shika karatasi, mpenzi," akasema.

Nikashika. Akasema maneno ya yule mjane tangu mwanzo, na alipofika pale pa kukwama hakukwama. Sauti ilijaa nyumba nzima mpaka vikombe vikalia kabatini. Niamini, sijawahi kusikia mtu akikataa namna ile. Alipomaliza akaniuliza kama nimesikia yote. Nikamwambia nimesikia yote, Miss Winifred.

"Basi andika," akasema. "Na chai, tafadhali."

Nikaandika palepale, maana katika kazi yetu usilolijaza kwenye daftari ni kama hukulifanya. Daftari ni la Kiingereza, kwa hiyo niliandika saa zao, 1:30. Amesimama mwenyewe, amesema sehemu yake mpaka mwisho. Nikaenda jikoni. Niliporudi na kikombe, sebule ilikuwa tupu. Nikafungua mlango wa chumba. Alikuwa kitandani, shuka imefika kifuani, baridi na mgumu kama ubao. Watu wa ambulensi walisema amekufa tangu kama saa tatu asubuhi.

Haki ya Mungu, wiki nzima nililala taa ikiwaka. Lakini lililoniudhi lilikuja baadaye. Mpwa wa marehemu alisoma daftari, akataka kujua maiti ilisimamaje. Msimamizi wangu, Mama Njeri, Mkenya mwenzangu na mtu wa kanisa letu, akaniita ofisini.

"Dada, mimi nataka kukuhelp," akasema. "Sema tu uliconfuse masaa, ukaandika saa za kwetu. Hiyo one-thirty yako iwe saa moja na nusu ya asubuhi. Hiyo time alikuwa mzima, anakunywa uji. Sign hapa, yaishe."

Uongo ule ulikuwa mtamu, nakiri. Kosa hilo la saa tumelifanya wengi tuliokuja nchi hii. Mimi mwenyewe nimewahi kumfikisha shemeji uwanja wa ndege ndege ikiwa imeshaondoka. Nani angebisha? Na bila sahihi yangu kazi ilikuwa imekwisha, pengine na cheti changu cha kutunza wazee pia. Nyumbani binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, nilipomweleza hakuinua hata macho kwenye simu. "Mum, just sign it."

Kesho yake nilirudi kwa Mama Njeri.

"Niliandika saa niliyoiona ukutani," nikamwambia. "Alisimama, akamaliza. Sisaini."

"Unajua unapoteza nini?"

"Najua. Miss Winifred alisaini mara moja tu, ikamla miaka sitini."

Wakanifuta kazi. Cheti kilishikiliwa miezi saba, nikawa nafagia maofisi Herndon. Kanisani waliniombea pepo anitoke. Nilipiga magoti, maana maombi hayadhuru, nikainuka na kisa changu kilekile. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, wakaniambia. Nikawajibu kwamba sisi Wakristo Idi haituhusu. Sasa natunza mzee mwingine, Springfield, na siku ya usaili niliwasimulia yote haya kabla hawajauliza. Mpaka leo siwezi kukaa nikiwa nimeupa mgongo mlango uliofungwa. Naogopa, sikufichi. Ila kuogopa ni kitu kimoja na kukana ni kingine.

Basi wewe unayetunza wazee wa watu, nakuonya. Siku aliyelala miaka miwili akisimama mbele yako, usikimbie. Msikilize mpaka amalize, huenda hana mwingine wa kumsikia. Kisha useme ulichokiona. Na wakikuletea karatasi yenye uongo mtamu, warudishie. Uongo ni wao, watie sahihi yao.